Kalibu na Nakala: Historia ya Vipuri Vilivyofufuliwa

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga wetu. Methali hii tumezoea kuisikia pale mtu anapoliwazwa kwa msiba au hasara, na ni mara chache tunairejesha kwenye maana yake ya asili: kwamba mhunzi aweza kufua koleo jingine, maadamu anajua koleo hufuliwa vipi. Lakini je, itakuwaje ikiwa aliyekifanya kitu amekwisha kuacha kukifanya, na chombo alichokifanyia kimelala ghalani asikojua mtu? Swali hili twaweza kulifuatilia mahali ambapo huenda msomaji hakupatarajia, nako ni katika historia ya magari madogo ya kuongozwa kwa redio, na ya watu waliokataa kuyaacha yafe kwa kukosa vipuri.

Historia hiyo, kwa sehemu kubwa, yaanzia Shizuoka, mji wa Japani ulio kando ya bahari. Huko, mwaka 1946, Yoshio Tamiya alianzisha biashara ya mbao, na kutokana na mbao vikafuata vyombo vya mfano vilivyochongwa kwa mti. Mifano ya plastiki kutoka nchi za nje ilipoingia sokoni, mti haukuweza kushindana nayo, na mwaka 1960 kampuni ikatoa mfano wake wa kwanza wa plastiki, nao ulikuwa wa manowari Yamato. Shunsaku, mwana wa Yoshio, ndiye aliyeikuza kazi hiyo hata ikajulikana duniani. Alipotaka kuutengeneza mfano wa Porsche 934, kampuni ilinunua Porsche 911 halisi, ikafumuliwa ili kila kiungo chake kijulikane. Mwaka 1976 ikatoka Porsche 934 ya kuongozwa kwa redio. Tangu mwanzo, basi, gari dogo lilizaliwa kwa kufumuliwa kubwa na kunakiliwa. Anayeidharau nakala na akumbuke kwamba asili yenyewe ilikuwa nakala.

Baada ya hapo yalifuata magari ya kukimbia mchangani na majanini: Sand Scorcher mwaka 1979, Frog mwaka 1983, kisha Grasshopper na Hornet mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1984, huko California, kampuni ya Associated ilitoa RC10, gari la mashindano lenye chasisi ya alumini yenye rangi ya dhahabu. Magari haya hayakuuzwa yakiwa yameundwa. Mnunuzi alipewa boksi la vipande, na kijana wa miaka kumi na miwili aliketi na bisibisi akaliunda gari lake mwenyewe, gia kwa gia, skrubu kwa skrubu. Hapo ndipo ilipo siri ya yote yaliyofuata. Mtu aliyeliunda gari kwa mkono wake hulijua kwa ndani, na akijua kwa ndani, hawi mtumiaji tu wa kitu. Huwa mmoja wa warithi wake.

Hata hivyo, ujuzi huo ulikuwa na mpaka. Kijana aliweza kuunganisha vipande, lakini hakuweza kuvizaa. Vipande vilizaliwa katika kalibu za chuma cha pua au chuma kigumu, zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu, hupoa, hunywea kidogo, kisha hutolewa ikiwa kipuri kamili. Kalibu ya namna hii ni ghali mno, na gharama yake hulipika tu pale inapotoa maelfu kwa maelfu ya vipande. Siku kampuni ilipoona kwamba gari fulani halinunuliwi tena, kalibu iliondolewa mashineni. Pakiti za vipuri zikabaki madukani kwa miaka michache, halafu zikaisha.

Na ziliisha kwa mpango wenye kejeli ndani yake. Vipuri vinavyovunjika sana, kama vile mikono ya magurudumu ya mbele, bampa na gia, vilinunuliwa vyote. Na visivyovunjika kamwe vikabaki vikijaza vumbi. Kilichokuwa adimu kikawa ndicho kile hasa kinachohitajika. Kisha wakati nao ukaingia kazini. Mpira wa matairi ulipasuka kwa hewa na jua. Plastiki nyeupe ikageuka manjano. Nailoni, ambayo hunywa unyevu wa hewa na kwa unyevu huo hupata ulaini wake, ilikauka kwenye madari ya nyumba hata ikawa inakatika kama kijiti. Wajuzi wakagundua kwamba kipande cha nailoni kikichemshwa majini hurudishiwa sehemu ya ustahimilivu wake. Na hilo, kwa hakika, ni tiba ya kwanza kabisa katika fani hii: kabla ya kufanya kipya, kitunze cha zamani.

Tiba hiyo haikufaa kwa kilichokwisha kukatika. Hivyo wakaanza kunakili. Njia ya awali ilikuwa ya silikoni na resini. Kipuri kizima huzamishwa ndani ya silikoni laini, silikoni ikishaganda hukatwa, kipuri hutolewa, na pango linalobaki hujazwa resini ya poliurethani. Kwa njia hii walifufua sanamu ndogo za madereva, taa, na mabawa ya nyuma. Lakini resini ni ngumu isiyovumilia pigo, na gia ya resini haidumu. Zaidi ya hayo, kila umbo hunywea kidogo linapoganda. Na anayenakili nakala, kisha akanakili nakala ya nakala, hujikuta na kipuri kisichoingia mahali pake, wala hajui kosa lilianzia wapi.

Wapenzi wa ushairi wataitambua hali hiyo upesi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, zilitufikia kwa sababu W. E. Taylor alizikusanya mwishoni mwa karne ya 19 akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Karatasi peke yake isingetosha. Ilihitajika pawepo mtu aliyejua neno hili lilikuwa na maana gani, na mstari huu ulisemwa kwa ajili ya nini. Kipuri nacho ni hivyohivyo. Kilichokatika huonyesha umbo lake. Hakionyeshi kazi yake.

Tuchukue mfano wa gia. Mtu asiyejua atahesabu meno na kupima upana, kisha ataridhika. Lakini ukubwa wa jino lenyewe hupimwa kwa kanuni mbili zisizopatana. Wajapani wengi hutumia moduli, yaani milimita za kipenyo kwa kila jino, na kipimo cha 0.6 ni cha kawaida kwao. Wamarekani huhesabu meno kwa kila inchi ya kipenyo, na 48 ndicho kipimo kilichoenea. Ukiigeuza 48 kuwa moduli, unapata takriban 0.53. Kwa macho, gia mbili hizo ni ndugu. Zikikutanishwa, hulana hadi zikaisha. Tofauti ya sehemu saba za mia za milimita ndiyo inayomtenga anayejua na anayekisia.

Mabadiliko makubwa yalikuja kutoka mahali pengine. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, wa mashine ya kuchapa vitu vyenye umbo kamili, tabaka juu ya tabaka, ambayo ingeweza kuchapa sehemu ya vipande vyake yenyewe. Mwaka 2009 hataza ya Scott Crump wa Marekani, iliyoilinda njia hiyo ya kuyeyusha na kupanga plastiki, ilimaliza muda wake. Bei za mashine zikaporomoka, na mtu mmoja nyumbani kwake, mwenye kipimio cha vernia na subira, akaweza kufanya jambo lililokuwa la kiwanda. Si kwamba mashine ilimwondolea haja ya ujuzi. Kitu kilichochapwa kwa tabaka ni dhaifu pale tabaka zinapokutana. Asiyelala kipuri upande unaofaa kabla ya kukichapa, atakiona kikipasuka katika mruko wa kwanza.

Makampuni nayo yaliisikia sauti ya wale vijana wa zamani, ambao sasa walikuwa na mishahara. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Tamiya ilitoa upya Hornet, Grasshopper na Frog, na mwaka 2010 Sand Scorcher. Associated ikairudisha RC10 mwaka 2013, na Kyosho ikairudisha Scorpion mwaka 2014. Ghafla vipuri vilivyotafutwa kwa miongo vikawa vinauzwa tena. Hapo lakini likazuka suala jipya. Frog ya kwanza ilikuwa na kasoro inayojulikana: ekseli zake za pembe sita zilikula tundu zilimoingia. Frog iliyotolewa upya ilipewa ekseli za namna nyingine, zilizo imara zaidi. Je, hiyo ni nakala iliyo bora, au ni nakala iliyosema uongo? Anayetaka kukimbiza gari atashukuru. Anayetaka kulikumbuka gari alilolipenda, pamoja na kasoro yake, atahisi ameibiwa kitu kidogo.

Mimi naona wote wawili wana haki, kwa sharti moja: nakala ijitambulishe. Kipuri kilichofanywa jana kikatiwa katika gari la mwaka 1979 hakimdhuru yeyote, maadamu muuzaji anasema kuwa ni cha jana. Kikinyamazishwa, kikapakwa uchakavu wa bandia na kuuzwa kwa bei ya asili, basi kazi njema ya kufufua imegeuka kughushi. Mafundi waungwana hutia alama ndogo upande wa ndani wa kipuri, pasipoonekana gari likiwa zima, ili atakayelifumua baadaye ajue.

Wala tusidhani kwamba sasa, kwa kuwa umbo limekuwa faili, kifo kimeshindwa. Shapeways, kampuni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2007, iliwapa wabunifu wengi mahali pa kuweka maumbo yao na kuwachapia wanunuzi. Julai 2024 ilifilisika, na maduka ya wabunifu hao yakafungwa kwa siku moja. Baadaye kampuni ilihuishwa, lakini funzo lilikuwa limekwisha kutolewa: faili iliyowekwa mahali pamoja ina hatari ileile ya kalibu iliyofungiwa ghalani. Waliosalimika ni wale waliogawana vipimo vyao, wakaandika kwa nini tundu hili lina upana huu, na kwa nini kona ile imeviringwa.

Tumerudi, basi, kwa mhunzi na koleo lake. Wahenga hawakusema kwamba koleo halivunjiki, wala kwamba lililovunjika halina thamani. Walisema uhunzi haukomi. Na uhunzi haukai katika koleo, wala katika kalibu, wala katika mashine ichapayo. Hukaa kwa mtu anayejua, na hudumu siku anapomfundisha mwingine.