Padri wa kwanza alitoka kwetu: safari ndefu ya Stefano Kaoze kutoka Mpala hadi altare ya Kirungu

Jumapili moja nilisali katika kapela ndogo ya mlimani, upande wa Moba. Padri hakuwapo. Ilikuwa imepita miezi mitatu bila yeye kufika, maana mvua ilikata barabara na moto haipiti. Katekista mzee ndiye aliyetuongoza. Alisoma Injili, kisha akahubiri kwa Kiswahili akichanganya na Kitabwa. Watu walicheka, wakanyamaza, mama mmoja akapangusa machozi kwa kitenge chake. Tulipotoka, kijana mmoja aliniuliza: «Kama mzee anaweza kuhubiri hivi, mapadri wanasoma miaka yote ile kwa nini?»

Sikumjibu siku ile. Lakini swali lake ni la zamani kuliko sisi wote, na wakaaji wa ziwa Tanganyika wana haki ya kulijibu kabla ya wengine, kwa sababu ni hapa kwetu ndiko alikotoka padri wa kwanza wa Kongo ya wakati wa Wabelgiji.

Tuanze Mpala. Mwaka 1883 mwanajeshi Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome pale, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Wazee wanamkumbuka kwa ubaya: watu wake walimuua mfalme Lusinga mwaka 1884, na kichwa chake kikapelekwa Ulaya. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Kwa hiyo mahali palipojengwa kwa bunduki ndipo watoto wa Kitabwa walipokuja kusomeshwa.

Mapadri Weupe walikuwa wachache, na wengi wao walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Lavigerie alikuwa amewawekea sheria: mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa karibu miaka minne. Nani angefundisha watu wote hao, kijiji kwa kijiji, miaka minne? Ni makatekista. Ng'ambo ya ziwa, kule Karema, alikuwapo Adrien Atiman, mtoto aliyeibwa na wauza watumwa upande wa Timbuktu, akakombolewa, akasomeshwa udaktari huko Malta, akaletwa Karema akiwa katekista na mganga. Alibaki pale hadi kifo chake mwaka 1956. Upande wetu makatekista walikuwa wengi, na majina ya walio wengi hayakuandikwa popote. Walijua sala, walijua katekisimu, walijua watu. Katika vijiji vingi, wao ndio walioonekana kila siku kama Kanisa.

Ila katekista hakuweza kusoma misa wala kuungamisha. Jambo hilo lilimsumbua Victor Roelens, aliyefanywa askofu mwaka 1896 na kukaa Baudouinville, yaani Kirungu yetu ya leo. Alitaka mapadri wenyeji. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, seminari ndogo ilianzishwa Mpala. Baadaye ilihamishiwa Lusaka, ile misioni ya kwetu, si mji wa Zambia. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa kijana wa Kitabwa, Stefano Kaoze.

Tusifikiri ilikuwa shule kama za leo. Kijana alianza na Kilatini, kwa sababu misa yote ilikuwa kwa Kilatini, na vitabu vya teolojia vilikuwa kwa Kilatini. Akaongeza Kifaransa. Kisha seminari kubwa, Kirungu: filozofia, halafu teolojia, Maandiko Matakatifu, sheria za Kanisa, namna ya kuungamisha, namna ya kuongoza ibada bila kukosea ishara hata moja. Mkono uinuliwe wapi, goti lipigwe lini, sauti ishuke lini. Wenzake wengi walirudi njiani. Wengine walioa, wengine wakawa walimu au makatekista, nao hawakupotea, maana Kanisa lilipata watu waliosoma.

Kaoze alibaki. Mwaka 1910, akiwa bado mseminari, maandishi yake juu ya mawazo na roho ya Wabantu yalianza kutoka katika gazeti moja la Wabelgiji, La Revue Congolaise. Anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kuchapisha maandishi kwa Kifaransa. Wakati Wazungu wengi walibishana kama mtu mweusi anaweza kufikiri mambo ya ndani, kijana wa Kitabwa alikuwa anawaelezea namna watu wake wanavyofikiri.

Alipewa daraja la upadri tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville. Kutoka kuingia Mpala hadi siku hiyo, ilikuwa imepita karibu miaka 18. Mkoloni alisimamia mwalimu na karani kwa miaka michache tu. Padri mweusi alipimwa miaka 18.

Je, miaka hiyo yote ilitokana na ugumu wa masomo tu? Mimi nasema hapana. Sehemu moja ilikuwa masomo, sehemu nyingine ilikuwa mashaka. Wamisionari wengi waliogopa kwamba padri mwenyeji hataweza kuishi bila mke, au kwamba waamini hawatamheshimu. Miaka miwili baada ya daraja la Kaoze, mwaka 1919, Papa Benedikto XV aliandika barua Maximum illud, akawakemea waliotaka padri mwenyeji awe msaidizi wa Wazungu daima. Alitaka wafundishwe kikamilifu, ili siku moja waongoze watu wao wenyewe. Kirungu walikuwa wameshaanza.

Kaoze aliishi hadi mwaka 1951. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliingizwa katika Baraza la Serikali la Kongo Belge, asemee wenyeji. Lakini hakuona siku ambapo misa yenyewe ingesemwa kwa Kiswahili. Katika maisha yake yote ya upadri, alihubiri kwa lugha ya watu, kisha akageukia altare na kuendelea kwa Kilatini.

Mabadiliko yalikuja baadaye. Mtaguso wa Vatikano wa pili ulipitisha hati ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963 na kufungua mlango kwa lugha zetu. Kule Kinshasa, Kardinali Malula alikwenda mbali zaidi: miaka ya 1970 aliwaweka walei, bakambi, kuongoza parokia pamoja na mapadri. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali misa yetu ya Zaire. Ndani yake mababu wema wanaitwa, toba inakuja baada ya mahubiri, na watu wanakaa chini Injili inaposomwa, kama watu wanaosikiliza neno la mfalme. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliisoma misa hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Mapadri wanasoma miaka mingi kwa nini? Kwa sababu neno ni zito, na mtu anayesimama mbele ya watu akiwa hajui anachosema anaweza kuwapoteza. Tumewaona wahubiri wa juzi na jana, waliojipa vyeo bila kufundishwa na mtu, wakiwaambia wagonjwa watupe dawa. Masomo ni ulinzi kwa waamini.

Lakini historia ya Mpala inafundisha upande wa pili pia. Seminari ilimtoa padri mmoja kwa karibu miaka 18. Katika miaka hiyo hiyo, waliofundisha vijiji ni makatekista waliokuwa na masomo kidogo, mshahara kidogo au hakuna. Mseminari anayerudi kutoka seminari kubwa na Kifaransa kizuri, lakini hawezi kumfariji mjane kwa lugha yake, amesoma nusu. Na parokia inayomsahau mzee wa kapela kwa kuwa hana diploma inakata mti uliobeba wote.

Yule katekista wa mlimani amezeeka. Hajapata mtu wa kumrithi. Aliniambia kwamba vijana wanaulizia kwanza mshahara, naye hawalaumu.

Wazee wa Mpala, Lusaka, Kirungu na Kalemie: kama mnajua jina la katekista wa zamani wa kijiji chenu, tuandikieni, hata kama ni jina tu na mahali alipofundisha. Jina la Kaoze limeandikwa tayari. Yao bado.