Kutoka Chicago hadi Kilifi: Historia ya Kukisaka Chanzo cha Selimundu

Kina mama wa Afrika waliwajua watoto wenye ugonjwa wa selimundu zamani, kabla ya daktari yeyote kuandika habari zao. Mtoto anazaliwa salama, anafikisha miezi sita hivi, kisha vidole vya mikono na miguu vinavimba. Akikua, macho yanageuka manjano, mifupa inamuuma usiku, na asubuhi hana nguvu za kwenda kuchota maji na wenzake. Wengine walisema karogwa, wengine baridi yabisi, wengine mvivu. Hilo la mwisho bado linasemwa, na ndilo linalomchoma mtoto kuliko yote.

Vitabu vya tiba huanzia Chicago, mwishoni mwa 1904. Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alilazwa akiwa hoi. Daktari kijana, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa darubini akaona chembe nyekundu zilizorefuka na kupinda kama mundu. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha habari hizo mwaka 1910, akieleza alichokiona bila kudai kwamba anakijua chanzo. Noel alirudi kwao akatibu meno ya watu mpaka nimonia ilipomuua mwaka 1916, akiwa na miaka 32.

Mwaka 1927 ilibainika kwamba chembe hizo hupinda zikikosa oksijeni. Mwaka 1949, huko California, Linus Pauling na Harvey Itano walionyesha kwamba himoglobini yenyewe ndiyo yenye kasoro. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alikuta tofauti ni ya asidi amino moja tu. Basi maumivu na uchovu vikapata maelezo ya pamoja. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikana na kuifanya chembe iwe ngumu. Chembe ngumu zinaziba mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu inauma vibaya. Tena chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, hivyo damu haitoshi mwilini wakati wote. Mtoto aliyeitwa mvivu alikuwa na upungufu wa damu tangu uchanga.

Lakini ugonjwa unaoua watoto wengi hivyo, mbona haukutoweka wenyewe kizazi baada ya kizazi? Jibu lilitoka kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu mwaka 1949 sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, katika baadhi ya makabila zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu. Kwenye nyanda za juu, chini ya asilimia moja. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya kuwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo: kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 waliugua, kati ya 15 walio nacho, wawili tu. Majina ya wanaume hao hayatajwi popote katika simulizi hii, nami naona hilo ni deni. Walituonyesha kwamba anayerithi kinasaba kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ilhali anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Wazazi wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Kukijua chanzo hakukuleta dawa upesi. Ilipita karibu nusu karne baada ya Pauling ndipo jaribio la mwaka 1995 nchini Marekani likathibitisha kwamba haidroksiyurea, dawa ya zamani ya saratani, hupunguza vipindi vya maumivu. Hata hapo Afrika ilisubiri, kwa hofu kwamba dawa hiyo ingezidisha malaria. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya kuijaribu kwa watoto wa Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi: maumivu yalipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ilipungua.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania hukadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Katika Hospitali ya Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa kwa maelfu, wanajua kinachowaokoa watoto hao: kupimwa tone la damu ya kisiginoni katika siku za kwanza, penisilini, chanjo, kinga ya malaria, kisha haidroksiyurea kila siku. Bado wengi hupimwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamelazwa, wakisubiri kuongezewa damu.