Printa moja, watu wengi: karatasi iliyokwama ilivyozaa programu huru

Kwenye ofisi nyingi, cheti cha mtoto au orodha ya wenye kupewa msaada hutoka kwenye printa moja inayotumiwa na wafanyakazi wote. Kila mmoja anatuma kazi yake kutoka kompyuta yake, nayo inapanga foleni na za wengine. Ikikwama karatasi moja, wote wanasubiri.

Njia hiyo ilianzia Marekani, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto. Mwaka wa 1971, Gary Starkweather alitengeneza hapo printa ya leza kwa kubadilisha mashine ya fotokopi. Mwaka wa 1973, Robert Metcalfe alipendekeza Ethernet, mtandao wa waya, akaujenga pamoja na David Boggs. Kompyuta nyingi zikaunganishwa na printa hiyo moja.

Kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, printa ilikuwa ghorofa tofauti na ile ya watumiaji wengi. Mtu alikwenda kuchukua karatasi zake, akakuta mashine imekwama zamani. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliondoa shida hiyo kwenye printa ya kwanza. Aliongeza maneno machache katika programu yake, na kila karatasi ilipokwama, wote waliokuwa wakisubiri walipata ujumbe. Mmoja wao alikwenda kuitengeneza.

Karibu na mwaka wa 1980, Xerox iliwapa printa mpya yenye mwendo zaidi, lakini haikutoa maandishi ya programu yake. Stallman alikwenda kuyaomba kwa mtafiti mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nayo. Mtafiti huyo alikataa, kwani alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote. Printa ikaendelea kukwama, na wenye ujuzi wa kuisaidia wakabaki wakiitazama.

Kukataliwa huko ni moja ya sababu zilizomfanya Stallman atangaze mradi wa GNU, Septemba 1983: programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzisoma, kuzirekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka wa 1999 ilitoka CUPS, programu ya kusimamia foleni za printa, chini ya leseni ya GNU. Leo kompyuta nyingi za Linux zinaitumia. Fundi wa ofisi yoyote anaweza kuifungua na kuirekebisha bila kuomba ruhusa kwa mtu.