Karura: Njia Iliyolipiwa kwa Damu

Wiki hii sina habari za siasa wala bei ya unga. Nawaomba mfuatane nami katika matembezi mafupi, tutoke mahali na kurudi pale pale.

Jumamosi iliyopita niliingia Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, kwa lango la Barabara ya Limuru. Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Nilipita kwanza kwenye mikaratusi, mti mgeni ulioletwa nchini mwaka 1902 ili utoe kuni za treni. Kisha nikakuta mihugu, mti wa asili ambao wachongaji wetu wanaujua vyema. Nikateremka hadi Mto Karura, nikaufuata mpaka kwenye maporomoko. Karibu na hapo pana mapango ambayo inasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Hapo niliketi, nikakumbuka. Katika miaka ya tisini vipande vya msitu huu viligawiwa watu binafsi kimyakimya ili wajenge majumba. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake walianza kuupinga mpango huo hadharani. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni wakitaka kupanda mti mmoja tu. Wakavamiwa na kundi la wanaume wenye silaha, na Maathai akapasuliwa kichwa. Alipokwenda polisi kuandikisha taarifa, aliitia sahihi kwa damu yake. Mwezi huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Msitu ukapona, lakini kwa miaka mingine kumi watu waliuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi. Mwaka 2009 wananchi waliopenda msitu huu waliunda chama, wakashirikiana na Shirika la Misitu. Ua wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 njia zikafunguliwa kwa umma.

Nikirudi langoni nilipishana na mama na watoto wake watatu, wakibishana ni nani aliyemwona kima kwanza. Hawakujua kilichotokea mahali walipokanyaga, nami sikuwalaumu. Nani amewasimulia? Hata mto ule hauishii Nairobi: maji yake huingia Athi, yakashuka hadi Sabaki, yakamwagika baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo aliyeutetea msitu huu alimtetea na mtu asiyemjua, aliye mbali naye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Karura ni masimulizi haya. Ukienda huko na mwanao, msomee. Kwaherini mpaka wiki ijayo.