Mjane wa Marehemu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeishi na methali hiyo miaka mingi, maana nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu asiye na daftari hana kazi. Lakini nimekuja kutambua kwamba methali hiyo ina upande wa pili ambao wahenga hawakuutaja. Yapo madaftari ambamo mali imeandikwa vizuri kabisa, na mwenye mali ndiye aliyepotea bila habari. Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi nilivyomtafuta mwanamke mmoja ndani ya madaftari ya namna hiyo. Alikuwa mama yake babu yangu.

Jambo hili lilianza mwaka 2004 kwenye kikao cha ukoo, siku chache baada ya kumzika baba yangu mkubwa huku kwetu kwenye miteremko ya Mlima Meru. Shangazi yangu, ambaye alikuwa amerudi nyumbani zamani baada ya ndoa yake kuvunjika, aliomba aonyeshwe sehemu ya kihamba apande migomba yake, na siku yake ikifika azikwe hapo. Hakuomba kingi. Mzee mmoja akamjibu kwamba katika ukoo wetu ardhi haijapata kushikwa na mwanamke, na kama anayo karatasi inayosema vingine, ailete. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

“Na yule bibi aliyesimama mbele ya baraza la Mangi akakiokoa kihamba hiki, alikuwa mwanamume?”

Watu wakacheka, wakaenda kwenye ajenda nyingine. Mimi sikucheka. Habari za bibi huyo nilizisikia utotoni jikoni, tukisubiri loshoro ipoe. Alifiwa na mumewe akiwa bado kijana. Shemeji yake akataka kumrithi yeye pamoja na migomba, naye akakataa yote mawili. Lakini hadithi ya jikoni si ushahidi. Jioni ile nikamwambia shangazi anipe muda, kwamba kama bibi yumo kwenye karatasi nitamleta.

“Haya, baba,” akasema. “Ila ujue karatasi zile hatukuziandika sisi.”

Nilianza na karatasi za ardhi, nikidhani ndiyo njia fupi. Kumbe ardhi ya Meru ina karatasi nyingi sana, lakini si za Wameru. Tarehe 26 Novemba 1895 Kaizari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni hili ni mali ya dola. Nani mwenyewe na nani si mwenyewe, waliamua wao. Mwaka uliofuata wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na jeshi la Wajerumani likaja kulipiza. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa. Machi 1900 wakuu wa Wameru na wa Waarusha walikuwa miongoni mwa walionyongwa Moshi siku moja na Mangi Meli. Ngome ya Arusha, ambayo siku hizi ni makumbusho, ilijengwa katika majira hayohayo. Kisha wakaja walowezi, Wajerumani na Makaburu kutoka Afrika Kusini, na mashamba yao yakauzunguka mlima kama pete. Mashamba hayo ndiyo yenye namba, ramani na hati.

Kihamba cha Mmeru hakikuwa na namba. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923, na hasa marekebisho yake ya mwaka 1928, ilikubali kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila yake anayo haki ya kuikalia, lakini haikumpa karatasi yoyote. Alama yake ilikuwa isale lililopandwa mpakani, mfereji wa maji uliochimbwa na wazee, na kaburi chini ya migomba. Kwa hiyo nilipofika kwenye jumba la Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, nikafungua majalada ya zamani, niliweza kusoma ni nani walioichukua ardhi yetu. Walioilima hawakuwamo.

Nikageukia kodi, nikisema moyoni kwamba serikali ya kikoloni haikupata kumsahau mtu wa kumtoza. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado linaniuma. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaendelea na Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922. Mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Mwanaume aliandikwa jina. Mke alihesabiwa ndani ya nyumba, na nyumba ikawekwa chini ya jina la mume. Kama bibi yangu alipita kwenye daftari la kodi, basi alipita akiwa nyumba.

Yalibaki mabaraza. Mwaka 1929 Waingereza walitunga Sheria ya Mahakama za Wenyeji, wakaziondoa kesi za wenyeji katika mkondo wa Mahakama Kuu. Kesi ilisikilizwa na Mangi na wazee wake. Asiyeridhika alikata rufaa kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Karani aliandika mashauri kwa Kiswahili, ada ikalipwa, na stakabadhi ikatolewa. Ukitaka kuwasikia watu wa kawaida wa wakati ule, msomaji, nenda kwenye kesi zao. Mtu aliyeishi kwa amani hakuacha alama. Aliyegombana ndiye aliyeandikwa.

Nilitafuta zaidi ya mwaka mmoja, likizo kwa likizo. Karatasi nilikuja kuipata mahali ambapo sikutarajia. Mzee mmoja jirani, mjukuu wa yule shemeji mwenyewe, alisikia ninachokitafuta akaniita kwake. Nikamwamkia, akaniitikia, tukanywa chai bila kusema neno juu ya jambo lenyewe. Kisha akatoa kitabu cha nyimbo za kanisani, na ndani yake nakala ya hukumu iliyokunjwa mara nne, ya mwaka 1931. Babu yake aliitunza, baba yake akaitunza, naye akaitunza. Sisi tulioshinda tuliitupa au tuliisahau. Walioshindwa ndio waliohifadhi karatasi.

Ilikuwa mistari michache. Mdai alitajwa jina lake na la baba yake. Mdaiwa aliandikwa hivi: mjane wa marehemu, kisha likafuata jina la mumewe. Wazee wa baraza wote walitajwa. Karani alitia sahihi. Mwanamke ambaye kesi ilikuwa yake hakuwa na jina. Baraza liliamua kwamba mjane asilazimishwe kurithiwa, na kwamba kihamba ni cha mtoto wa marehemu, mama yake akitunze mpaka mtoto atakapokuwa mkubwa.

Nilifurahi, kisha furaha ikapungua. Nilikuwa nimemwahidi shangazi karatasi, na karatasi nimeipata, lakini haikusema kile alichotaka. Haikusema kwamba bibi alikuwa na ardhi. Ilisema aliitunza kwa niaba ya mwanawe. Mzee aliyedai ushahidi angeweza kuishika mkononi na kusema, “Mnaona? Ni kama nilivyowaambia.” Nakiri kwamba nilifikiri kuificha. Halafu nikafikiri kwamba kumficha mwanamke huyo mara ya pili, tena kwa mkono wa kitukuu wake, kungekuwa kosa kubwa kuliko la karani.

Katika kusumbuka kwangu nilirudi kwenye kesi nyingine, ile kubwa ambayo kila Mmeru anaijua. Mwaka 1947 ripoti ya Jaji Wilson kuhusu ardhi za Arusha na Moshi ilipendekeza Wameru waondolewe Ngarenanyuki ili eneo lile liwe la ufugaji wa Wazungu. Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu kwenye mashamba namba 31 na 328, na nyumba zao zikachomwa. Bibi yangu alikuwa huko, kwa sababu mwanawe, yule mtoto wa kwenye hukumu, alikuwa akifuga na kulima mahindi upande ule. Alirudi kwa miguu kwenye kihamba alichokiokoa miaka 20 kabla, na huko ndiko familia yote ilikopata pa kulala. Kama angekuwa amekubali kurithiwa, sijui wangelala wapi.

Wameru walichanga fedha, wakasaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na baadaye mwaka huohuo shauri likafika Baraza Kuu. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura. Hata hivyo dunia ilisikia hoja yetu. Hoja yenyewe, ukiipunguza mpaka kwenye kiini chake, ilikuwa nyepesi: huyo ana hati, sisi hatuna, lakini sisi ndio tulioikalia, tulioilima na tuliozika humo watu wetu.

Nikaweka kalamu chini. Hoja ile ile ambayo ukoo wetu uliichangia fedha mwaka 1952 ndiyo tuliyoikataa ilipotoka kinywani mwa shangazi. Yeye alisema, bibi yetu alikikalia, alikilima, alikiokoa. Sisi tukamjibu kama alivyotujibu Mwingereza: leta karatasi.

Kikao kilipokutana tena niliisoma hukumu yote, neno kwa neno, pamoja na ile sehemu iliyonitia hofu. Nikawaeleza pia kwamba sheria za nchi zimetembea. Mwaka 1990 huko Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Walinisikiliza kwa adabu, lakini niliona sheria haziwagusi. Wazee wetu wamezoea sheria zinazotoka mbali.

Ndipo nikamgeukia yule mzee aliyedai karatasi nikamwuliza, kwa heshima, alikuwa wapi Novemba 1951. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema alikuwa mtoto wa miaka 13, Ngarenanyuki, na kwamba alilibeba jiwe la kusagia la mama yake kwa sababu mama alikataa kuliacha. Kisha akasema, “Hata sisi tuliulizwa karatasi.” Hakusema zaidi, wala sikumwuliza zaidi.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba wote walikubali. Mmoja wa baba zangu wadogo aliondoka kabla ya kikao kwisha, na mpaka alipofariki hakulizungumza jambo lile tena. Lakini shangazi alionyeshwa sehemu yake, chini ya mfereji, na masale yakapandwa mbele ya mashahidi. Mimi nilishikilia jambo moja tu, kwamba muhtasari uandikwe na yeye atajwe kwa jina lake mwenyewe na la baba yake, si mke wa fulani, si dada wa fulani.

Na jina la bibi? Nililipata mwishoni kabisa, kwenye kitabu cha ubatizo cha usharika wetu. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na kwa kuwa haiwezekani kumbatiza mtu kwa jina la mjane wa marehemu, mchungaji ilimbidi amwulize anaitwa nani. Hapo yupo, jina lake la ubatizo na la baba yake. Silitaji hapa, kwa sababu kesi ile ina wajukuu wa upande wa pili, nao ni majirani zetu, na mmoja wao ndiye aliyenipa karatasi. Lakini nimelichonga juu ya kaburi lake, ambalo lilikuwa na jiwe tupu.

Shangazi naye sasa amelala hatua chache kutoka hapo, katika sehemu aliyoiomba. Migomba yake bado inazaa. Kila nikipita nawaambia wajukuu watafute daftari, waandike majina ya mama zao, na ya mama wa mama zao, kabla hawajaulizwa na mtu.