Magnolia Mother's Trust

Magnolia Mother's Trust ni mpango wa kipato cha uhakika unaowapa akina mama weusi wenye kipato duni dola 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, mjini Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2018 na shirika la Springboard to Opportunities, chini ya Aisha Nyandoro, ukianza na akina mama 20 waliokuwa wakiishi katika nyumba za ruzuku ya serikali. Fedha hizo hazina masharti: mama hadaiwi risiti wala hapangiwi matumizi, awe analipa deni, anatengeneza gari au anawanunulia watoto viatu. Hapo ndipo ulipo uzito wake, kwani misaada ya kawaida imezoea kumchunguza mama maskini kama mshukiwa. Kuwalenga wanawake weusi ni kwa makusudi, katika jimbo lililotajirika kwa pamba ya watumwa, kisha likatunga sheria za ubaguzi.

Wazo lenyewe la kipato cha uhakika si geni; Martin Luther King alilitetea katika kitabu alichochapisha mwaka 1967. Mwaka 2019 mji wa Stockton, California, wakati wa meya Michael Tubbs, ulianza kuwapa wakazi 125 dola 500 kwa mwezi, bila kuangalia rangi.