Kitafe: mlinzi mdogo wa nyika

Kitafe (Helogale parvula) ndiye nguchiro mdogo kuliko wote barani Afrika. Akishakomaa ana uzito wa gramu 200 hadi 350 hivi, na rangi yake ya kahawia humficha vizuri kwenye udongo wa kichuguu. Makao yake ni nyika na mbuga kavu, kuanzia Ethiopia na Somalia hadi Afrika Kusini. Nchini Tanzania yupo Serengeti, Tarangire, Ruaha na pia Mikumi.

Mjini anayejulikana zaidi ni binamu yake, mirkati, yule anayesimama wima kwa miguu ya nyuma. Filamu ya mwaka 1994 ya Simba na rafiki yake mirkati, Timon, ilimweka kwenye mbuga zinazofanana na zetu, lakini porini mirkati hapatikani Afrika Mashariki. Kwao ni Namibia, Botswana, Afrika Kusini na kusini-magharibi mwa Angola. Tim Clutton-Brock wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianza mradi wa kuwafuatilia huko Kalahari mwaka 1993. Yote yanayowavutia watu kwa mirkati, yaani ulinzi wa zamu, malezi ya pamoja na kuota jua asubuhi, kitafe anayafanya hapa hapa kwetu.

Kundi la vitafe huwa na wanyama kumi hivi, wakati mwingine hufika thelathini. Kwa kawaida anayezaa ni jike mkuu, akiwa na dume wake. Wengine hulea: hubaki kichuguuni na vichanga na kuwaletea wadudu. Utafiti uliofanywa Serengeti ulionyesha kwamba hata jike asiyepata mimba anaweza kutoa maziwa na kunyonyesha watoto wa mwenzake.

Kisa cha kusisimua kuliko vyote kinatoka Nyika ya Taru nchini Kenya, pori kavu ambalo reli ya Mombasa hulikata ikielekea Tsavo. Huko mtafiti Anne Rasa alikaa na makundi ya vitafe, na mwaka 1983 akachapisha habari za urafiki wao na hondohondo wadogo. Alfajiri ndege hao hutua karibu na kichuguu na kungoja. Vitafe wakichelewa kutoka, hondohondo husogea hadi kwenye tundu na kuita ndani. Ndege wasipofika, vitafe nao huchelewa kuanza safari. Baada ya hapo hutembea pamoja: vitafe wakifukua majani, panzi huruka, na ndege huwadaka. Malipo ya ndege ni ulinzi. Hupiga kelele kipanga akitokea, hata akiwa wa aina isiyoweza kumdhuru hondohondo ila kitafe tu. Na hondohondo, ambaye humeza panya bila shida, hawagusi watoto wa kitafe wenye ukubwa huo huo.

Rasa aliandika pia juu ya kundi la porini lililomhudumia mwenzao asiyejiweza.

Uganda wana nguchiro miraba, mkubwa zaidi kuliko kitafe. Kwenye rasi ya Mweya, Hifadhi ya Queen Elizabeth, watafiti wamewafuatilia tangu miaka ya 1990, na nguchiro hao huonekana wakimtoa ngiri kupe huku yeye amelala kimya.

Kwa mkazi wa Gerezani, Dar es Salaam, safari ya kuwaona vitafe si ndefu. Basi la mwendokasi humpeleka upande wa Kimara na Mbezi, na mabasi ya Iringa na Mbeya yanayotoka Mbezi hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, yenye kilomita za mraba 3,230, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tatizo ni kwamba magari mengi ya watalii hukimbilia simba na kupita vichuguu bila kusimama. Hilo ni kosa. Kitafe hatoki kabla jua halijapasha udongo, kwa hiyo saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi ndiyo wakati wake: hujinyoosha, huchanuana manyoya, mmoja hukwea juu ya kichuguu na kuanza kulinda.

Ukienda, mwombe dereva asimame mbali kidogo na kichuguu chenye matundu mengi na kuzima injini. Kaa ndani ya gari, usiwarushie chakula, na wape nusu saa.